Rafu ya Karani: Shaaban Robert Msomaji, Akitazamwa kutoka Lupembe

Katika semina zetu za fasihi Marehemu Shaaban Robert huingia darasani akiwa amekwisha kufungwa kamba. Mwalimu hajamaliza kufuta ubao, sisi tumeshaandika madaftarini: utu, haki, upendo, bidii ya kazi, hadhi ya mwanamke. Kisha tunachora mshale, na mbele ya mshale tunaandika "maudhui". Mwisho wa kipindi hakosi mtu wa kuuliza kama mzee huyu hakuwa mhubiri tu aliyekosea mlango akaingia kwenye riwaya. Watu wanacheka, kengele inalia, tunakwenda kula.

Mimi sina ugomvi na maudhui. Ninachouliza ni swali dogo, nalo naona wahakiki wetu wamelipita kwa haraka. Huyu bwana alikuwa anasoma nini? Alipenda kusikiliza nini jioni, baada ya ofisi kufungwa? Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, hakusoma chuo kikuu, hakuwa na maktaba ya kuazima vitabu kwa kadi kama sisi. Vitabu zaidi ya 20 vilitoka wapi? Ukisema "kipaji" umejibu haraka mno. Kipaji nacho hula, na chakula chake ni vitabu, magazeti, nyimbo na maneno ya watu.

Nianze na yale yanayofahamika. Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 Vibambani, jirani na Tanga. Kati ya 1922 na 1926 alisoma shule ya Msimbazi, Dar es Salaam, akamaliza akiwa wa pili kati ya watahiniwa 11 waliopata cheti. Mwaka huohuo wa 1926 akaingia Idara ya Forodha, na humo akakaa hadi 1944, muda mrefu akiwa Pangani. Halafu akahamishiwa Mpwapwa, kwenye idara iliyoshughulika na wanyama. Kutoka 1946 hadi 1952 alikuwa ofisi ya wilaya ya Tanga, na kutoka hapo hadi alipostaafu mwaka 1960 alikuwa idara ya upimaji. Juni 1962 akafariki. Hesabu mwenyewe: miaka 34 ya kuamka asubuhi na kwenda ofisini, na miaka 2 tu ya kuwa mwandishi mchana kutwa. Kila kitabu chake tunachokijadili hapa kwa mbwembwe, isipokuwa vichache vya mwisho, kiliandikwa na mtu aliyechoka.

Naona tunaidharau sana hiyo kazi ya ukarani. Karani wa forodha hushinda akiandika: jina la jahazi, nahodha, mzigo, uzito, ushuru. Anajifunza kwamba neno likikosewa kuna mtu atalipa. Sasa chukua ukurasa wowote wa Kusadikika usome kwa sauti. Sentensi zinakuja mbili mbili, huku sifa na huku kinyume chake, huku faida na huku hasara, kama mizani yenye vitanga viwili. Wengine husema hayo ni mazoea ya mhubiri. Mimi naona pia mkono wa mtu aliyezoea kuandika safu mbili za daftari na kuhakikisha zinalingana chini. Mnaweza kunibishia, lakini jaribuni kwanza kuusoma ukurasa huo kwa sauti.

Tuje kwenye rafu yenyewe. Kijana wa Kiafrika aliyejua kusoma Kiswahili kwa herufi za Kirumi katika miaka ya 1920 na 1930 hakuwa na vitabu vingi mbele yake. Kulikuwa na Mambo Leo, gazeti la idara ya elimu lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923. Humo mlikuwa na habari za serikali, kilimo, hadithi, barua za wasomaji na mashairi. Kulikuwa na vitabu vya dini. Kulikuwa na Alfu Lela Ulela kwa Kiswahili. Na kulikuwa na tafsiri za kina Frederick Johnson, mtu wa Kamati ya Lugha: Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina (1929), Safari za Gulliver (1932). Ukiongeza tenzi za pwani zilizokuwa zikisomwa na kukaririwa majumbani, unayo karibu rafu nzima. Shaaban Robert alikuwa mshairi wa Mambo Leo tangu miaka ya 1930, maana yake alikuwa msomaji wake pia. Hakuna anayepeleka shairi gazetini bila kuangalia kwanza wenzake wameandika nini, na sisi wa magazeti ya ukutani tunalijua hilo vizuri kabisa.

Jambo linalonivutia ni namna alivyosoma. Naiona tabia moja ikijirudia: alisoma kitu, akakipenda, kisha akakikataa nusu, na ile nusu aliyoikataa akaiandika upya. Mfano ulio wazi ni Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952. Mifupa ya hadithi hii ni ya Alfu Lela Ulela, kisa cha Abdallah bin Fadhil na ndugu zake. Humo mna liwali mwema mwenye siri ya usiku, kuwachapa viboko ndugu zake waliogeuzwa mbwa. Shaaban Robert amewafanya manyani. Harun al-Rashid amekuwa Rai, mfalme wa Ughaibuni, na Basra imekuwa Janibu. Ndugu wamepewa majina yanayosema yote kabla hawajafungua mdomo: Hasidi na Mwivu. Hadi hapo unaweza kusema ni mtu aliyebadilisha nguo tu. Lakini tazama mwisho. Katika kisa cha zamani ndugu wale wanarudia uovu na mwisho wao ni kuuawa. Katika Adili wanarudishiwa ubinadamu na mlango wa kutubu unabaki wazi. Mtu aliyesoma hadithi kwa burudani tu asingeugusa mwisho. Huyu ni msomaji aliyefika ukurasa wa mwisho akafunga kitabu, akasema, "Hapana, haiwezekani iishe hivi."

Kusadikika (1951) naiona vilevile. Kisiwa kinachoelea angani kimo katika safari za Gulliver, na nchi ya Kusadikika inaning'inia angani. Sisemi aliiba. Swift anampeleka mzungu mmoja katika nchi za ajabu, anarudi nyumbani akiwachukia watu wa kwao hata harufu yao. Shaaban Robert anawatoa wajumbe sita kutoka Kusadikika kwenda pande nne za dunia, mbinguni na ardhini. Wanarudi na mambo mema, nchi inawafunga. Hayo yote yanasimuliwa na Karama mbele ya baraza, akijitetea kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Msafiri wa Swift anarudi akiwa mgonjwa, na hawa wa Shaaban Robert wanaikuta nchi ndiyo mgonjwa. Kama hii siyo hoja ya msomaji mmoja akimjibu mwandishi mwingine, basi sijui uhakiki ni kitu gani.

Kitabu kinachowatesa zaidi wale wanaotaka kumfanya sheikh wa maudhui ni Omar Khayyam kwa Kiswahili (1952). Hebu fikirini. Mwislamu wa Tanga, mtu wa nasaha, aliyemwandikia bintiye Utenzi wa Hati na mwanawe Utenzi wa Adili ili wajue namna ya kuishi, anakaa chini kumtafsiri mshairi wa Uajemi anayejulikana dunia nzima kwa kikombe, waridi na mashaka. Tena anamtafsiri kupitia Kiingereza cha Edward FitzGerald, ambacho kilitoka mara ya kwanza mwaka 1859 na chenyewe kilikuwa kimemchukua Khayyam kwa uhuru mkubwa. Wapo wanaosema divai ile ni ya kisufi, ni ulevi wa mapenzi ya Mungu, na hivyo hakuna tatizo. Yawezekana. Kwetu Lupembe, ambako msimu wa ulanzi hauhitaji tafsiri ya kisufi, hoja hiyo ingezua mjadala mrefu kilabuni.

Mimi naona sababu ya kwanza ni ya fundi. Ubeti wa Khayyam una mistari minne, na ubeti wa shairi letu una mistari minne. Mtu aliyekuwa amezoea kupanga vina na mizani tangu ujana wake aliuona mlango unaolingana na mlango wa nyumbani kwake, akataka kujua kama funguo zake zitaingia. Sababu ya pili ni umri na misiba. Alikuwa amempoteza mkewe Amina, akamlilia kwa shairi ambalo karibu kila mtoto wa shule ya sekondari amekutana nalo. Mtu wa namna hiyo anaposoma juu ya maua yanayonyauka na vyungu vinavyofinyangwa kwa udongo wa waliokufa, hahitaji kukubaliana na mshairi ili amtafsiri. Huu ndio upande wa Shaaban Robert ambao ubao wetu hauna mshale wake: mtu aliyependa kitabu ambacho hakikuafikiana na nasaha zake, akakaa nacho kimya kimya usiku, akakileta kwa Kiswahili. Ladha ya mtu na mafundisho yake si kitu kimoja, na tukichanganya hayo mawili tunabaki na sanamu.

Sikio lake nalo lilikuwa na njaa. Wasifu wa Siti binti Saad ulichapishwa mwaka 1958 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Siti alikuwa binti wa Fumba, Unguja, mtoto wa wafinyanzi, aliyeanza kwa kuuza vyungu na akaishia kuimba kwa Kiswahili mbele ya masultani na kurekodi sahani za santuri Bombay mwaka 1928. Shaaban Robert alizungumza naye kabla hajafariki mwaka 1950. Wanafunzi hukitaja kitabu hicho kama mfano wa "hadhi ya mwanamke", na ni kweli, lakini mbona hatusemi lililo wazi zaidi? Mwandishi huyu alikuwa mpenzi wa taarabu. Mtu mwenye ofisi, familia na miswada iliyolundikana hamfuati mwimbaji na kuandika maisha yake kama nyimbo zake hazijamkaa moyoni. Na tazama alichokichagua: mwanamke asiye na ukoo mkubwa wala shule, aliyeinuliwa na sauti na Kiswahili. Karani wa cheti cha Msimbazi aliona nini pale? Nadhani alijiona.

Kuna msomaji mwingine ndani yake, msomaji wa magazeti. Huyu yumo katika Utenzi wa Vita vya Uhuru, utenzi mrefu kweli kweli juu ya vita vya 1939 hadi 1945, uliochapishwa mwaka 1967, yeye akiwa kaburini miaka mitano. Nakiri kwamba si kazi yake ninayoipenda kuliko nyingine. Majina ya majemadari na miji ya mbali yanapita kama mabehewa, na mahali pengine vina vinavuta habari kwa nguvu. Lakini kama kumbukumbu ya namna mtu wa Tanganyika alivyosoma vita ni hazina. Huko ughaibuni mabomu yanaanguka, huku karani anapokea habari vipande vipande na kuzipanga beti kwa beti, miaka sita. Vita hivyo vilifika hata kwetu. Lupembe ilikuwa kituo cha Misheni ya Berlin tangu 1899. Vita vilipoanza wamisionari wa Kijerumani waliwekwa kizuizini na kazi ikaja kushikwa na Waswidi. Vijana wa nyanda za juu wakaenda na King's African Rifles hadi Ethiopia na Burma. Wazee wa kwetu wanaozungumza habari za Burma huzisimulia kwa sentensi mbili tu, kisha wananyamaza. Shaaban Robert aliyekuwa ofisini ameandika maelfu ya beti. Sijui kama kuna haki katika hilo, lakini ndivyo maandishi yalivyo: anayekwenda na anayeandika mara nyingi si mtu mmoja.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo linalonikwaza, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Watu wakisikia natoka Njombe huniambia niandike juu ya C. G. Mung'ong'o na Mirathi ya Hatari yake (1977), riwaya ya kijana anayerithishwa uchawi, kana kwamba Mbena hana ruhusa ya kumsogelea mwandishi wa pwani. Wanasahau historia. Kwetu Kibena ndiyo lugha ya jikoni na ya msibani. Kiswahili kilipanda mlima kwa njia ya kanisa na shule, ni kweli, lakini kilipanda pia kwa njia ya mkonge. Wilaya ya Njombe ilikuwa moja ya machimbuko makubwa ya manamba wa mashamba ya Tanga. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuwaandikisha watu, SILABU, na vijana wa Lupembe, Makambako na Imalinyi walipakiwa kwenye malori kama walivyo. Reli ya TAZARA ilikuwa bado miaka 30 mbele. Wakifika Tanga walipewa kipande chenye nafasi 30 za siku za kazi, wakitakiwa kukimaliza katika siku 42.

Marehemu babu yangu, mzaa baba, alikuwa mmoja wao, mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuingia ya 1950. Alikwenda akijua Kibena na maneno machache ya katekisimu, akarudi na Kiswahili cha kambi, kilichochanganyika na Kinyamwezi na Kimakonde, blanketi mbili na alama za miiba mikononi. Alikuwa akisema kitu cha gharama Tanga haikuwa pombe, bali barua. Asiyejua kuandika alimlipa anayejua, na anayejua hakuandika unachosema, aliandika inavyotakiwa: salamu kwanza, nusu ukurasa, halafu ndipo shida yako. Bibi akiletewa barua alikuwa anasikiliza zile salamu ndefu kwa Kiswahili asichokielewa vizuri na kusema mume wake amekuwa mtu mkubwa. Msinielewe vibaya, sisemi mwandishi wa barua zile alikuwa Shaaban Robert. Nasema tu kwamba katika miaka ileile, katika mji uleule, babu alikuwa akikata mkonge na Shaaban Robert alikuwa karani wa ofisi ya wilaya, akiandika vitabu usiku.

Nimekwenda vitabuni kumtafuta babu. Nimepita Kusadikika, nimepita Kufikirika, nimepita Siku ya Watenzi Wote ambayo ni ya mjini na ina maskini wengi. Wamo wafalme, mawaziri, mahakimu, waganga, walimu, matajiri wenye huruma na wasio na huruma. Namba wa mkonge mwenye kipande mfukoni sikumwona. Utubora katika Utubora Mkulima anaacha kazi yenye mshahara mzuri akarudi shambani kulima, na mwandishi anampa heshima kubwa kwa uamuzi huo. Nikisoma pale husimama kidogo. Babu naye alirudi kulima, lakini hakuwa ameacha mshahara mzuri. Alirudi kwa kuwa kipande kiliisha na mgongo ulikuwa unauma.

Wahakiki waliokua chini ya Azimio la Arusha la 1967 wangesema hapa kwamba ni suala la tabaka: karani hamwoni manamba. Zamani nilikubali jibu hilo moja kwa moja kwa kuwa ni fupi na linapata maksi. Leo naona halitoshi. Mtu huyuhuyu aliumizwa na ubaguzi wa rangi na hakuuficha, ukisoma Maisha Yangu utakuta alivyosumbuliwa safarini alipohamishiwa Mpwapwa. Huyuhuyu alimwona binti wa wafinyanzi wa Fumba. Macho alikuwa nayo. Nadhani jibu linarudi kwenye rafu ile. Vitabu alivyovila vilikuwa vya liwali na mfalme, kisiwa na mjumbe, kinyago na fumbo. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na kambi ya wafanyakazi. Mtu huandika kwa viungo vya jiko alilokulia, na pia huandika akijua mlango ambao mswada utapita: kamati ya lugha ya serikali, Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1948, wachapaji wa London na Johannesburg. Kufikirika aliiandika mwaka 1946, na msomaji wa kawaida hakuishika mkononi hadi 1967. Ukiwa na mswada unaongoja hivyo, fumbo la mfalme wa nchi isiyokuwapo ni gari linalopita kizuizini. Kambi ya mkonge ya Tanga, kwa jina lake, ingesimamishwa. Kwa hiyo ladha yake na tahadhari yake zilishonwa kwa uzi mmoja, na si rahisi kufumua.

Mlinganisheni na Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, aliyesomea hapa nchini hadi shahada ya uzamili, na mwaka 1976 akaandika tasnifu nzima juu ya Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Kisha akapata shahada ya uzamivu Wisconsin mwaka 1985. Huyu alikuwa na maktaba. Ndani ya Kichomi (1974) alitupa vina na mizani, ndani ya Gamba la Nyoka (1979) vijiji vya ujamaa vimo kwa sura zao. Wengi wetu tunamwona kuwa ndiye aliyevunja, na Shaaban Robert kuwa ndiye aliyejenga ukuta uliovunjwa. Lakini mvunjaji alianza kwa kukaa miaka akimsoma mjenzi. Tabia ni ileile ya kusoma, kupenda, kukataa nusu. Shaaban Robert aliifanya hivyo Alfu Lela Ulela, Kezilahabi akamfanyia yeye.

Na yote niliyoyasema juu ya mtu huyu wa usiku yanapata ushahidi bora mahali ambapo hakuwa akiandika kitabu. Mwaka 2002 Profesa M. M. Mulokozi alihariri Barua za Shaaban Robert, 1931–1958, alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge. Sijui kwa nini barua hizi hazimo katika orodha ya vitabu vya lazima vya kozi yetu. Humo mna mtu mwenye ndugu, safari, maradhi, pesa pungufu na hamu ya kuchapishwa. Salamu zake ni ndefu, zimepangwa, zina adabu ya kizamani, na mara ya kwanza nilipozisoma nilikasirika kidogo kwa kuchelewa kufika kwenye habari. Kisha nikakumbuka jinsi babu alivyosimulia barua za Tanga, kwamba hizo salamu ndizo zilizokuwa habari.

Alipostaafu mwaka 1960 alikuwa amekwisha kuchoka kungojea wengine. Insha na Mashairi (1959) na Almasi za Afrika (1960) vilitoka Tanga kwa chapa ya Art and Literature, karibu na nyumbani, bila kuvuka bahari. Miaka miwili baadaye akafa, na vitabu alivyoacha vikaanza kutoka kwa mfululizo: 1966 Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, 1967 Kufikirika na utenzi wa vita, 1968 Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote. Msomaji wa Lupembe aliyetaka kuvipata aliteremka Njombe mjini, au alingoja mwanawe arudi likizo kutoka bweni. Nakala ya Kusadikika iliyokuwa nyumbani kwetu ilifika kwa njia hiyo, haina jalada, na pembeni mwa ukurasa wa wajumbe kuna mkono wa penseli ulioandika kwa Kibena neno moja tu: *ndauli*, yaani "vipi?"